Glasi Sita Ndani ya Santuri

Mama yangu alikuwa na hadithi moja aliyopenda kuisimulia kuliko zote. Kabla hajaolewa alifanya kazi ya kuhudumia wageni katika hoteli ya kando ya ziwa, hapa Bujumbura. Ikaja bendi ya jazi kutoka nje, watu watano, pamoja na mzungu mmoja aliyebeba mashine ya kunasa sauti. Bendi ilipiga jioni ukumbini, watu wakila, na mzungu akanasa kila kitu. Katikati ya wimbo mmoja wapigaji wengine wote walinyamaza, akabaki yule wa gitaa kubwa kama kabati, analipiga kwa vidole polepole. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Mama alikuwa anapita na sinia. Akajikwaa kwenye waya wa mashine, na glasi sita zikaanguka kwenye sakafu ya simenti.

Kesho yake alifukuzwa kazi. Lakini mzungu, kabla ya kuondoka, alimwambia kwamba hatazifuta zile glasi. Zitabaki ndani ya santuri.

"Kwa hiyo mi niko mu disiki," mama alikuwa anamalizia. "Sikuimba, lakini niko."

Tulipokuwa tunakaa Gasenyi hakuna aliyemuuliza kama ni kweli. Ilikuwa hadithi ya kutuchekesha tukila. Mambo yalibadilika vita vilipofika mitaa ya kaskazini. Baba alikuwa amekufa kwa ugonjwa miaka mingi kabla. Tulifunga magodoro kwenye baiskeli, mama, mimi na wadogo zangu wawili wa kike, tukaja Jabe kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa na vyumba vitatu, akatupa kimoja, wala hakuuliza tutakaa mpaka lini.

Shangazi nampenda, na nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea. Lakini alikuwa muuzaji wa ndagala sokoni, na miaka ile yote ya kuuza samaki wadogo ilikuwa imemfundisha kutoamini kitu mpaka akishike kwa mkono wake mwenyewe. Hadithi ya mama haikushikika. Mwanzoni alikuwa anaguna tu. Halafu, siku ya ubatizo wa mjukuu wake, mama alipoanza kuwasimulia wageni, shangazi alimkatiza.

"Huyu wifi yangu ni musanii," akawaambia. "Ameshaingia mu disiki. Mumuulize pia ile siku alienda mu mwezi."

Wageni walicheka sana. Mama naye alicheka, kisha akaenda nyuma kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Tangu siku hiyo hakusimulia tena. Si ile ya glasi tu, bali hadithi yoyote. Wakati ule amri ya kutotembea usiku ilituingiza ndani mapema, umeme ulikuwa wa kubahatisha, na nyumba nyingi ziliishi kwa maneno kwa sababu hapakuwa na kitu kingine. Kwetu palikuwa na redio ya shangazi, na betri zikiisha palikuwa kimya. Wadogo zangu walimwomba mama, naye akawajibu kwamba hana hadithi, walale. Nilimsikia akisema hivyo mara tatu, jioni tatu tofauti. Hapo ndipo nilipoamua kuitafuta ile santuri.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimaliza darasa la sita, mtihani wa kuendelea ukanishinda, nikajifunza kushona viatu. Kazi hiyo ilinifaa, kwa sababu fundi viatu hutazama chini kutwa nzima na hakuna anayemshangaa. Kuongea na mtu nisiyemjua kulinitoa jasho. Kwa hiyo nilikata kipande cha boksi la viatu, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino. Maandishi hayo yalinichukua jioni mbili: "Natafuta disiki ya jazi. Ilinaswa hapa Bujumbura, hotelini. Ndani yake kuna glasi zinavunjika."

Nilikuwa naenda kwa wauza kaseti na wauza vitu vya zamani, nawapa lile boksi wasome. Mmoja aliniuliza kama mimi ni bubu, nikatikisa kichwa, akasema basi sawa, hata bubu angemsalimia. Tatizo lingine ni kwamba bendi nyingi za rumba za huku kwetu na za ng'ambo ya ziwa zilijiita jazi, hivyo kila nilipouliza nilipewa rumba. Wauzaji walikuwa wema. Waliipiga mpaka mwisho ili nisikie kama kuna glasi. Kwa karibu mwaka mzima nilisikia rumba nzuri sana, na hakuna glasi hata moja iliyovunjika.

Mwishowe nililipigilia boksi langu kwenye kiti cha kazi, wapita njia wajisomee wenyewe.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja na viatu vyeusi vya ngozi, soli imepasuka. Akasoma, akasoma tena, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Alikuwa mhudumu katika hoteli ile ile. Siku ile alikuwa ukumbini, na vigae vya glasi alivifagia yeye. Akaniuliza kama yule binti wa sinia alikuwa mrefu mwenye mwanya. Mama yangu ni mrefu na ana mwanya.

Viatu vyake nilivishona bure, nikamwomba jambo moja tu, aje nyumbani amwambie shangazi. Akaja Jumapili, amevaa koti. Shangazi alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akamuuliza glasi zilikuwa ngapi.

"Kumi," akasema mzee. "Ao kumi na mbili."

"Zilikuwa sita," akasema mama.

Shangazi akapiga makofi taratibu. "Munaona? Hata hawakupanga vizuri."

Mzee aliondoka ameudhika na mama akaingia chumbani. Nilitamani kujificha chini ya meza. Badala ya kumsaidia mama, nilikuwa nimemletea aibu ya pili, tena mbele ya watoto wake. Lakini nilipomsindikiza yule mzee mpaka barabarani, aliniambia jambo ambalo lilinirudishia nguvu. Mwaka mmoja baada ya bendi kuondoka, hoteli ilipokea santuri moja kwa posta. Meneja hakuwa na haja nayo, akampa mwenye baa mmoja wa Kajaga aliyekuwa na mashine kubwa kuliko zote za ufukweni.

Jumapili iliyofuata nililing'oa boksi langu kwenye kiti, nikaazima baiskeli nikaenda Kajaga. Askari wa kizuizi cha barabarani waliniambia nirudi kabla jua halijashuka, wasije wakafunga njia nikiwa upande wa pili. Baa niliipata. Viti vilikuwa vimepangwa miguu juu, na nje mke wa mwenye baa alikuwa anakaanga samaki wa kuwauzia wavuvi. Nilisimama mbele yake na boksi langu kama mtoto aliyetumwa. Alisoma huku anageuza samaki.

Baa ilifungwa tangu watu walipoacha kuja ufukweni. Mume wake alikuwa Uvira, anatafuta kazi. Mashine na santuri zote walimuuzia Mwarabu mmoja wa Buyenzi, mwenye duka la vitambaa na mabeseni karibu na msikiti. Akaliangalia tena boksi langu. Hapo mama yule alianza kucheka peke yake. Akanieleza desturi ya mume wake. Wenye baa walikuwa wanaibiana nyimbo. Mmoja akipata santuri nzuri, mwenzake anatuma mtu aje anywe chupa moja, achungulie jina kwenye karatasi ya katikati, kesho akainunue. Kwa hiyo mume wake alibandika karatasi nyeupe juu ya kila jina kwa uji wa muhogo, akaandika namba tu. Majina yote aliyaweka kwenye daftari.

Nikauliza daftari liko wapi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza siku ile kufungua mdomo.

"Kurasa zake nilifungia karanga za kuuza," akasema. "Liliisha mwaka jana."

Nilirudi nikikanyaga baiskeli kwa nguvu. Kwa mtu mwingine ile ingekuwa habari mbaya, lakini mimi nilifurahi. Santuri ilikuwa Buyenzi, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwetu, na jina lake sikulihitaji. Nilihitaji glasi tu.

Mbele ya duka lile nilipita mara nne. Mara ya nne mwenye duka, mzee mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa uzi, aliniita.

"We kijana, umepita mara nne. Unakuja kununua ao kuniibia?"

Nikampa boksi. Alilisoma, akanitazama kwa juu ya miwani, akaniambia niketi. Ndiyo, santuri zipo, kreti tatu, na mashine ipo. Alinunua kwa huruma, kwa sababu mwenye baa alikuwa anahitaji kuondoka. Hajawahi kuzipiga. Nikamuuliza kama naweza kuzisikiliza moja moja.

"Mwezi huu apana," akasema. "Tuko mu mufungo. Ngoja Idi ipite, halafu tutasikiliza mpaka uchoke."

Sikuwahi kuungoja mwezi wa Ramadhani uishe kama mwaka ule. Mimi ni Mkristo, lakini siku ya mwisho nilipanda juu ya ukuta wa jirani kuutafuta mwezi angani, na shangazi akaniuliza kama nimesilimu.

Siku ya pili baada ya Idi nilianza. Kila siku baada ya sala ya alasiri, kama umeme ulikuwepo, nilifunga kiti changu cha kazi nikaenda Buyenzi. Tulikaa nyuma ya duka, katikati ya marobota ya vitenge. Mwenye duka alikuwa ameniruhusu kwa sharti moja, kwamba hataki nyimbo za maneno machafu. Kwa bahati sehemu kubwa ya kreti ya pili haikuwa na maneno kabisa. Ilikuwa tarumbeta, piano na yale magitaa makubwa. Ndiyo jazi yenyewe, nikaisikia kwa mara ya kwanza. Sikuielewa. Mpigaji alikuwa anauacha wimbo, anakwenda mbali, anarudi amechelewa na hakuna anayemgombeza.

"Hawa watu wanatafuta nini?" mwenye duka aliniuliza siku ya tatu.

Nikamwambia sijui, lakini na mimi natafuta.

"Basi tuko wote," akasema, akajiletea mto wa kukalia.

Mimi nimezoea ngozi, najua kutazama uso wa kitu kikiwa kwenye mwanga. Siku ya nne niligundua kwamba ukiielekeza santuri dirishani, mahali penye kelele panang'aa kijivu na mahali pa kimya pana weusi uliokolea. Gitaa kubwa likipiga peke yake linaacha mkanda mweusi. Kwa hiyo tuliacha kusikiliza santuri nzima. Tulitafuta mkanda mweusi, tukashusha sindano hapo, tukanyamaza. Mwenye duka alikuwa anainua kidole kila akisikia mlio. "Hiyo?" Nikasema apana, hiyo ni ngoma. "Hiyo?" Apana, huyo anakohoa. Wateja waliokuja kununua vitenge walitukuta wazee wawili, mmoja wa miaka sitini na mwingine wa miaka ishirini, tumeinamisha vichwa kama watu wanaomsikiliza mgonjwa kifuani.

Baada ya wiki tatu kreti zote ziliisha. Hapakuwa na glasi.

Nilirudisha santuri ya mwisho mahali pake. Mwenye duka alikuwa amevua miwani na alionekana kuumia kuliko mimi. Mke wake alikuja na chai, akatuona tulivyo, akauliza kuna nini. Mume wake akamwambia zimeisha zote, na kitu cha mtoto wa watu hakimo.

"Zote?" akasema mke. "Na ile ya mutungi?"

Siku zile kreti zilipoletwa, kifuniko cha mtungi wao wa maji ya kunywa kilikuwa kimevunjika. Yeye alichukua santuri moja ya juu, akaipima mdomoni mwa mtungi, ikaenea sawasawa. Tundu la katikati aliliziba kwa kizibo cha chupa ili mdudu asiingie. Kila Ijumaa aliiosha kwa sabuni. Alituletea ikiwa inadondosha maji, na mume wake akashika kichwa.

Ile karatasi nyeupe ya mwenye baa ilikuwa imebanduka zamani kwa sababu ya maji. Chini yake kulikuwa na karatasi ya bluu iliyofifia, yenye maandishi ya Kifaransa. Mimi nasoma polepole, na siku ile nilisoma polepole zaidi. Majina ya watu sikuyajua. Lakini mstari wa chini ulikuwa na neno moja nililolijua tangu darasa la kwanza. Bujumbura.

Tuliifuta kwa kipande cha kitenge kipya. Ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja. Nilipoielekeza dirishani niliona upande wa pili una mkanda mweusi mpana, na katikati ya ule weusi kulikuwa na mstari mmoja mwembamba unaong'aa, kama unywele. Mwenye duka alikuwa ameshainua mkono wa sindano.

Nikamwambia ngoja. Nikamwambia kwamba mama hajawahi kuisikia, na si haki mimi nianze.

Alinung'unika kwamba naye amesikiliza wiki tatu, mgongo unamuuma. Halafu akaurudisha mkono wa sindano mahali pake.

Nilidhani mama atafurahi. Nilipomweleza, aliendelea kukunja nguo, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na kama siko?" Ule mstari ungeweza kuwa mkwaruzo wa mtungi. Alikunja nguo zote hadi ya mwisho, akazipanga. Kisha akasema twende. Shangazi, aliyekuwa mlangoni muda wote, akasema haendi mtu bila yeye. Alivaa kitenge chake cha harusi, kana kwamba anakwenda kuwa shahidi mahakamani.

Tulifika Buyenzi Jumapili mchana, na tulipofika tu umeme ukakatika. Tulingoja saa nzima. Mke wa mwenye duka alituletea sambusa. Mama hakula. Shangazi alikula zake na za mama, akisifu viungo. Taa ilipowaka, tulisogea wote karibu na mashine. Mwenye duka aliweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isirukeruke pale palipopinda, akaanzisha upande mzima tangu mwanzo.

Ilianza piano, ikaja tarumbeta, na nyuma yake niliwasikia watu wanakula, vijiko na minong'ono. Mama alifumba macho. Vyombo vingine vikanyamaza kimoja kimoja, gitaa kubwa likabaki peke yake, polepole, kama alivyotuambia siku zote. Minong'ono nayo ikazimika. Nilitazama ule mstari unakaribia sindano.

Glasi zikavunjika.

Zilivunjika vizuri sana, mlio mkubwa na kisha vipande vidogo vikikimbia sakafuni. Gitaa likasimama. Na karibu kabisa na mashine, sauti ya msichana ikasema wazi, "Ee Mungu wangu, kazi imeisha."

Ukumbi ukacheka, wale watu wa zamani, na yule mpiga gitaa akajibu. Alipiga noti moja moja kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama mtu anayeokota vitu. Shangazi alikuwa ameinua mkono, anahesabu kwa vidole.

"Sita," akasema.

Akamwambia mwenye duka airudishe. Akahesabu tena. Aliirudisha mara nne, na mara ya nne sote tulisema pamoja na yule msichana kwamba kazi imeisha, hata mwenye duka, hata mke wake mlangoni. Mama alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta. Shangazi alisogea, akamfunga vizuri kilemba kilichokuwa kimelegea.

"Wifi," akamwambia, "ni we."

Mama hakumdai zaidi. Mwenye duka alinikabidhi santuri ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema disiki ni yangu lakini mashine ni yake, kwa hiyo nikitaka kuisikia nitakuja, na nikija nije na mama.

Tulirudi Jabe kwa miguu, shangazi mbele. Kila aliyemjua njiani alimsimamisha. Kufika kwa muuza makaa glasi zilikuwa nane, kufika kwa kinyozi zilikuwa sinia mbili, na mama nyuma yake alikuwa anawasahihisha watu, akisema wasimsikilize huyu mama, anapenda kuongeza.

Jioni ile, saa ya kuwa ndani ilipofika, hapakuwa na umeme wala betri. Tulikaa wote chumba cha mbele. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameanza kusinzia. Mama akaanza kuongea bila kuombwa na mtu. Akasema siku moja kule hotelini alikwenda jikoni asubuhi kuchukua mikate, akakuta kiboko amesimama katikati ya sufuria, anakula kabichi.

Mdogo wangu alifungua macho. Sote tulimgeukia shangazi.

Shangazi alisogeza kiti chake karibu.

"Alipita mulango gani?" akauliza.